Wilson Kinyonga: Mtoto wa Tanga Aliyeimbia Nairobi

Ndugu zetu wa Handeni na Korogwe, mlio nyumbani na mlio mbali, kila mwaka kijitabu hiki cha harambee hutenga kurasa chache kumkumbuka mtu mmoja aliyetangulia mbele ya haki. Tumezoea kuandika juu ya walimu, waganga na wazee waliotoa ardhi ya shule. Mwaka huu kamati imemchagua mwanamuziki, na hatufichi kwamba uchaguzi huo haukupita kirahisi. Kikao kilichopangwa kwisha saa kumi kilikwisha baada ya Magharibi.

Waliopinga walikuwa na hoja. Ya kwanza: Wilson Peter Kinyonga alikuwa mtu wa Tanga mjini, si wa Handeni wala wa Korogwe. Ya pili: jina lake alilipatia Kenya. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyopandisha sauti za watu, ni kwamba safari hii kuna pendekezo la kutenga sehemu ya michango kununulia vyombo vya muziki kwa ajili ya shule zetu za sekondari, na wapo wanaoona kuwa shule yenye upungufu wa matundu ya vyoo haina haki ya kuzungumzia magitaa. Pendekezo hilo litapigiwa kura siku ya mkutano mkuu. Basi sisi tuliopewa kazi ya kuandika kurasa hizi tumeona tuyaweke maisha ya mtu huyu mbele yenu, kila mmoja aje mkutanoni akiwa ameyasoma.

Tuanze na hoja ya kwanza. Ni kweli kwamba Tanga mjini si Korogwe. Lakini katika miaka ile Tanga mjini ilikuwa imesimama juu ya mkonge, na mkonge ulikuwa huku kwetu pia. Mmea wenyewe ulifika pwani yetu mwaka 1893, ukitokea Florida kupitia Hamburg, na mwaka huohuo ndipo ilipoanza kujengwa reli kutoka Tanga. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na kila ilipopita palifuatia shamba. Ngombezi, Magunga, Mazinde, na upande wa Handeni kule Kabuku. Hakuna haja ya kuwaelezea majina haya watu ambao babu zao walikata majani huko. Kufikia uhuru, Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa katani, na miaka ya mwanzo ya 1960 ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Mashamba hayo yalileta watu. Wanyamwezi, Wasukuma, Waha, Wamakonde na wengine wengi walikuja kwa mkataba, wale tuliowaita manamba, wakaishi kambini na kufanya kazi kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku za kazi. Ukizijaza zote ndipo unalipwa. Kwa hiyo pesa kambini haikuwa inatiririka kila siku, ilikuja kwa mkupuo, na ilipokuja watu walitaka kucheza. Ngoma zetu kama selo na mdumange zilikuwapo, na wageni walikuwa na zao, lakini ngoma ya kwenu mwenzako haijui. Dansi la gitaa, lililoimbwa kwa Kiswahili, lilikuwa la wote. Wazee wetu waliokulia mashambani bado wanasimulia jinsi siku za mshahara zilivyokuwa na sauti yake.

Hapo ndipo zilipotoka bendi za Tanga. Atomic Jazz ilikuwa moja. Nyingine, iliyoanzishwa katika miaka ya 1950, ilijiita Young Nyamwezi, jina linaloonyesha wazi ilianzishwa na nani. Baadaye, nchi ilipokwisha kuwa na bendera yake, bendi hiyo ikabadili jina na kuwa Jamhuri Jazz. Tunaomba msomaji alitafakari jambo hili kidogo. Bendi iliyoanzishwa na watu waliotoka Tabora kuja kwenye mkonge ndiyo iliyomfungulia mlango kijana wa Tanga. Kama tungefuata kanuni ya kwamba mtu si wa kwetu mpaka azaliwe kwenye kata yetu, Jamhuri Jazz yenyewe isingekuwa ya mtu yeyote.

Wilson na mdogo wake George waliingia Jamhuri Jazz mwaka 1966. Wote wawili waliimba na wote wawili walipiga gitaa. Miaka ile kijana hakununua gitaa, kwa sababu chombo kilikuwa mali ya bendi au ya mwenye bendi, na wewe ulijifunza kwa kukaa karibu na aliyekishika, ukisubiri apumzike. Wengi wa wapigaji wetu wakubwa walijifunza kwa kusubiri hivyo. Tunalitaja hili mapema kwa sababu litarudi mkutanoni.

Jamhuri Jazz ilikuwa shule nzuri. Muziki wa Kongo ulikuwa umeshaenea Afrika Mashariki yote, na kabla ya hapo santuri za Kuba zilikuwa zimeshapita, zikawafundisha watu rumba na cha-cha-cha. Tukumbuke pia kwamba gitaa halikutufikia kwa njia moja tu. Kuna msomaji wetu mmoja ambaye kila mwaka hulalamika kwamba hatuandiki juu ya Jim Reeves, ambaye nyimbo zake Jumapili mchana zilisikika katika nyumba nyingi za watumishi wa zamani. Kwa ajili yake tuseme hivi: muziki ule wa mashambani wa Wamarekani ulifika Afrika Mashariki mapema sana. Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi, alikufa mwaka 1933 akiwa na miaka 35. Santuri zake ziliwafikia Wakipsigi wa Kenya, na mwaka 1950 Hugh Tracey alipokwenda huko na mitambo yake ya kurekodi aliwakuta wasichana wakiimba juu ya kiumbe waliyemwita Chemirocha, ambalo ni jina la Jimmie Rodgers lililokwisha kuzoea ulimi wa Kikipsigi. Mtu wa reli anaimba Marekani, anaimbwa Kericho. Haishangazi basi kwamba mtoto wa mji wa reli na katani alitaka naye asikike mbali.

Lakini kusikika kulihitaji santuri, na hapa ndipo ugumu ulipoanza. Baada ya uhuru, nchi yetu iliwajali wanamuziki kwa namna yake. Jumuiya ya wafanyakazi ilikuwa na NUTA Jazz, polisi na jeshi walikuwa na bendi zao, na mwaka 1971 ikaja Vijana Jazz. Mwanamuziki aliweza kuwa mwajiriwa mwenye mshahara, jambo ambalo nchi chache zilimpa. Radio Tanzania Dar es Salaam iliziita bendi studio, ikazirekodi kwenye utepe na kuzipiga hewani mpaka nchi nzima ikazijua. Kilichokosekana ni kiwanda cha santuri. Utepe ulibaki redioni. Mtu aliyempenda mwimbaji alisubiri apigwe. Hakuweza kwenda dukani akamnunua. Kiwanda, makampuni ya kurekodi na soko la santuri vilikuwa Nairobi.

Upande mwingine, mkonge ulikuwa unayumba. Bei iliyopanda vizuri mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilishuka kuanzia katikati ya muongo huo, kamba za viwandani zisizotokana na mmea zikaanza kuishinda katani, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Hatuwezi kusema hiyo ndiyo sababu iliyomwondoa Wilson Kinyonga Tanga, maana hatukuwamo moyoni mwake. Tunajua tu kwamba dansi linalotegemea mshahara wa mfanyakazi huyumba mshahara unapoyumba.

Mwaka 1970 ndugu hao walikwenda Arusha, na pamoja na ndugu yao mwingine, William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka na kuingia Mombasa. Huko ndiko bendi ilikopata jina la Simba Wanyika. Ni jina zuri sana kwa vijana wasio na kitu. Mwaka 1975 wakahamia Nairobi, na kuanzia hapo jina lao likawa kubwa.

Sasa tukae kidogo na muziki wenyewe, kwa ajili ya vijana wanaosoma kijitabu hiki kwa simu na ambao huenda wameusikia bila kujua ni nani. Wimbo wa Simba Wanyika hauanzi kwa haraka. Gitaa moja linatangulia, la pili linajibu, besi inaingia kama mtu anayejua njia, na Wilson anaanza kuimba kwa sauti isiyolazimisha kitu. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, chenye maneno mepesi, kikienda taratibu kiasi kwamba hata mtu aliyejifunzia lugha hii mjini Nairobi, au kando ya Ziwa Viktoria, alimfuata. Aliimba mapenzi zaidi, na matatizo ya kawaida: mtu ameachwa, mtu amesemwa, fedha zimeleta balaa. Santuri ndogo za wakati ule zilichukua dakika chache kila upande, kwa hiyo wimbo uligawanywa. Upande wa kwanza ulikuwa wa maneno. Ukigeuza unakutana na chemko, ambapo magitaa yanabaki yanafukuzana na saksafoni, na waliokaa wanasimama. Wapo watu waliochakaza upande wa pili mpaka mistari ikafutika, huku upande wa kwanza ukiwa bado unang'aa.

Magitaa hayo matatu ndiyo siri ya bendi. Hakuna hata moja linalopiga kitu kigumu sana. Kila moja linapiga kitu kidogo, linakirudia, na linamwachia mwenzake nafasi. Ukiliondoa moja, wimbo unaanguka. Sisi si wataalamu, lakini tumesikiliza sana wakati wa kuandaa kurasa hizi, na jirani mmoja ametuuliza kama kuna harusi.

Mwaka 1977 mambo ya dunia yaliingia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwezi wa Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka haukufunguliwa tena mpaka Novemba 1983. Wasomaji wetu wa umri fulani hawahitaji kuelezewa. Familia zilizokuwa na mguu mmoja Tanga na mwingine Mombasa zilikaa karibu miaka saba zikitafuta njia za panya au zikipokea salamu kwa mtu aliyezunguka mbali. Misiba ilipita bila wenyewe. Wilson Kinyonga na wenzake walikuwa upande ule, Watanzania wanaoishi kwa kuimba katika mji wa watu, na huku nyuma mlango umefungwa. Katika miaka hiyo hiyo ndipo walipokuwa juu kabisa. Sauti ya redio haiulizwi pasi. Usiku, mtu wa Mkata au wa Mombo akitafuta kituo vizuri, aliweza kumsikia kijana wa Tanga akiimba kutoka nchi ambayo yeye mwenyewe hawezi kwenda. Hilo pekee, kwa maoni yetu, linatosha kujibu hoja ya pili ya waliopinga. Aliondoka, ndiyo. Na sisi wenyewe tunaochangia chama hiki kutoka Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Ughaibuni, je, tumefanya nini?

Nairobi haikuwa pepo. Mwanamuziki mgeni aliishi kwa kibali cha kazi, na aliyenyimwa kibali alinyimwa riziki. Ndani ya bendi nako hakukukosa maneno. Mwaka 1978 kundi zima la wapigaji, akiwemo Omar Shabani aliyekuwa mpigaji wa gitaa la ridhimu, liliondoka na kuunda Les Wanyika. Huko wakampata John Ngereza, naye Mtanzania, na Omar Shabani akatunga Sina Makosa, wimbo ambao mpaka leo ukipigwa harusini mabibi wanaweka chini sahani za pilau. Issa Juma naye akawa na Super Wanyika. Kuanzia hapo Nairobi ilikuwa na ukoo mzima wa Wanyika, na mtu asiye makini huchanganya nyimbo za hawa na za wale. Bendi ya akina Kinyonga ikabidi ijulishe watu kwamba yenyewe ndiyo ya asili, na kwenye santuri ikajiita Simba Wanyika Original.

Kuondokewa na wapigaji wengi kwa mpigo ni pigo ambalo bendi nyingi hazikulivuka. Wilson alilivuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata George alitoka kwa muda akaanzisha Jobiso, na bado Simba Wanyika ikasimama. Kipindi hicho cha baada ya mfarakano ndicho kilichotupa Haleluya na ule wimbo wa Shilingi, ambao tulishauriwa tusiupige siku ya harambee ili watu wasije wakafunga pochi. Tutaupiga. Anayeijua pesa vizuri ndiye anayechanga vizuri.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 bendi ilifika Ulaya, Uholanzi hasa, ikacheza mbele ya watu wasiojua neno moja la Kiswahili. Albamu ya Pepea ilitoka huko mwaka 1992. Ukiisikiliza unaona kwamba hawakubadilika kuwafurahisha wageni. Ni magitaa yaleyale, kwa mitambo bora zaidi. Ilikuwa safari ndefu kutoka kusubiri zamu ya kushika gitaa Tanga.

Haikuendelea sana. George alifariki mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1992. Wilson alibaki na bendi miaka mitatu, naye akafariki mwaka 1995. Simba Wanyika ilikwisha pamoja naye. Hakuna aliyejaribu kwa dhati kuibeba.

Nyimbo zimebaki, na hili lina uchungu wake. Zinapigwa kwenye mabasi yanayopita Segera usiku na mchana, kwenye baa, kwenye vipindi vya redio vya zilipendwa, kwenye simu. Wakati Wilson anaanza, mwanamuziki wa kwetu kwa kawaida alilipwa kwa kuingia studio, akatia sahihi karatasi aliyosomewa haraka, na yaliyofuata hakuyajua. Tanzania ilipata sheria mpya ya hakimiliki mwaka 1999, miaka minne baada ya kifo chake. Kijana wa leo anayeimba kwenye simu yake pale Chanika au Manundu anaweza kuuza wimbo dunia nzima bila kupanda basi, lakini naye anatia vidole kwenye masharti ambayo hajayasoma. Ndiyo maana pendekezo linalokuja mkutanoni halina magitaa peke yake. Lina pia mafunzo ya siku chache kila likizo, ambapo vijana watafundishwa kusajili kazi zao na kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Wajumbe waliolileta wametuomba tuliseme hili waziwazi, kwa sababu uvumi ulioenea ni kwamba chama kinataka kufungua bendi.

Na kuhusu matundu ya vyoo: fungu hilo liko palepale, halikuguswa, na fomu ya ahadi iliyo mwisho wa kijitabu ina visanduku viwili tofauti. Anayetaka kuchangia vyoo tu aweke alama kwenye cha kwanza. Anayetaka vyote aweke kote. Hakuna atakayemuuliza mwenzake.

Tuna ombi moja la mwisho. Siku ya harambee tutakuwa na mashine ya santuri, imekarabatiwa na inazunguka vizuri, ila santuri tulizonazo ni chache na mbili kati yake zina mpasuko. Wapo miongoni mwenu walio na santuri za Jamhuri Jazz, Atomic Jazz au Simba Wanyika chini ya vitanda vya wazazi wao, Mombo, Makuyuni, Sindeni, Kwediboma. Msizioshe kwa sabuni. Futeni vumbi kwa kitambaa laini kikavu, zifungeni kwenye khanga, mje nazo mkononi na wala msiziweke kwenye buti la gari kwenye jua. Zitaandikwa majina ya wenyewe mlangoni, na jioni kila mtu ataondoka na yake.